Namba Zilizosomwa kwa Sauti Kubwa

Katika chumba kile hakuna aliyeongea taratibu. Ungepita koridoni ungedhani watu wanagombana, kumbe mmoja anamuuliza bibi wa watu kama betri zimemfikia salama. Kampuni ilikuwa inauza mashine za masikio, zile ndogo zinazojikunja nyuma ya sikio kama punje ya korosho, na mauzo yote yalifanyika kwa simu. Ndiyo, watu wasiosikia vizuri waliuziwa kwa simu. Usiniulize nani alibuni, maana aliyebuni alipandishwa cheo.

Msimamizi wa chumba alikuwa mwanamke wa makamo ambaye wenzake walimwita Spika, kwa sababu sauti yake haikuhitaji simu ili ivuke ukuta. Nyumbani mumewe alikuwa akimwambia, "Mama watoto, mimi nasikia, nipunguzie kidogo," naye anacheka, kisha anaendelea kupaaza vilevile. Lakini haikuwa kelele tu. Alikuwa na namna ya kutamka neno moja moja, wazi, bila kumfanya mtu ajione mjinga, na wazee wengi walikataa katakata kuhudumiwa na mwingine.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mteja anapiga, anaagiza betri, kisha anasoma namba za kadi yake ya benki. Mhudumu anazirudia kwa sauti ili kuhakikisha. Mteja akisema tano, mhudumu anauliza, "Tano?" Mteja akisema tisa, mhudumu, "Tisa?" Hivyo hivyo mpaka mwisho, pamoja na zile tarakimu za siri za nyuma ya kadi. Na mazungumzo yote yalirekodiwa, maana wageni kazini walifundishwa kwa kusikilizishwa simu za wakongwe.

Sasa, waliotengeneza mfumo ule hawakuwa wajinga. Kwenye kila simu kulikuwa na kitufe chekundu. Mteja akifika kwenye namba za kadi unakibonyeza, rekodi inasimama. Akimaliza unakibonyeza tena, inaendelea. Shida ni kwamba kikibonyezwa, laini ilitoa mlio mwembamba kisha ikatulia kwa muda, na mtu mwenye masikio mazito haupati ule mlio. Anachopata ni ukimya. Anaita, "Haloo? Haloo?" halafu anakata. Bibi mmoja alipiga tena huku analia, akidhani mashine imefia sikioni na kwamba hatasikia tena maisha yake yote.

Spika ndiye aliyepeleka malalamiko hayo kwa Mkurugenzi, na aliyapeleka kwa moyo mweupe kabisa. Mkurugenzi alikuwa mtu mpole asiyependa kuona mtu amenuna. Akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi kiacheni hicho kitufe. Wazee wetu wasiteseke." Siku hiyohiyo Spika akapita meza kwa meza na selotepu, akakiziba kila kitufe. Watu wakampigia makofi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza namba zile zitakwenda wapi sasa. Na hapo ndipo panaponiuma mimi kuliko pengine pote, kwamba kosa lile halikufanywa na mtu mwenye roho mbaya. Lingefanywa na mwizi, ningejua pa kumtemea mate.

Miongoni mwa wateja wa Spika alikuwepo mzee aliyewahi kuwa mwamuzi wa mpira, na jina la Refa likamganda mpaka uzeeni. Akipiga simu, betri zilikuwa jambo la mwisho.

"Refa, shikamoo!"

"Marahaba, binti yangu. Sema wazi, masikio haya yameliwa na matusi ya mashabiki."

"Walikutukana sana?"

"We! Mpaka marehemu mama yangu alikoma kuja uwanjani, maana na yeye walimgusa."

Spika alikuwa anacheka mpaka meza ya pili wanageuka. Refa alikuwa mjane, akiishi peke yake katika nyumba aliyoijenga na mkewe, akijipikia, akijifulia, akisikiliza mpira redioni na kubishana na mtangazaji. Bintiye, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa anamshawishi kila siku ahamie kwake, naye alikuwa anakataa kila siku. Alimwambia Spika waziwazi kwamba hana ugomvi na mwanawe, ila hataki kuishi mahali ambapo ataomba ruhusa ya kufungua dirisha. Nyumba ile na akili zake timamu ndivyo vitu alivyokuwa anavilinda.

Asubuhi moja fundi wa kompyuta aliingia ofisini kwa Mkurugenzi bila kubisha hodi. Wadukuzi walikuwa wamepenya hadi kwenye ghala la rekodi, wakachota walichotaka, na walikuwa wamelizoea ghala lile kwa muda mrefu. Spika akaitwa. Alimkuta Mkurugenzi ameketi, mikono juu ya meza, na wakili wa kampuni amesimama karibu na dirisha, suti imempendeza.

"Mfumo wa malipo haukuguswa," alisema wakili. "Huo ndio ukweli, na ndio tutakaousema."

"Lakini rekodi zimeibwa," akasema Spika.

"Rekodi si mfumo wa malipo. Rekodi ni vifaa vya mafunzo."

"Wakili, humo ndani watu wanasoma kadi zao. Na sisi tunawarudia, tena kwa kupaaza sauti. Mwizi hata akiwa kiziwi atazipata."

Mkurugenzi alifunga macho. Wakili hakucheka. Akaeleza kwa utaratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kuvaa viatu, kwamba uchunguzi unaendelea, kwamba kukiri jambo kabla ya uchunguzi ni kujitia kitanzi, na kwamba kampuni ikianguka wote waliomo humo ndani watakwenda nyumbani. Kisha akauliza, kwa upole, ni nani hasa aliyeziba vitufe. Spika akatazama sakafu. Mkurugenzi, ambaye angeweza kusema, "Mimi ndiye niliyeruhusu," naye akatazama mikono yake.

Wakatoka na maneno ya kuwaambia wateja. Yalichapwa, yakabandikwa kwenye kila meza: Mfumo wetu wa malipo haujaguswa, na taarifa zako ziko salama. Ukiyachambua neno kwa neno, nusu ya kwanza ni kweli. Huo ndio ufundi wa watu waliosoma sheria, wanakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa nawe unashukuru kwa kung'aa.

Haikuchukua muda Refa akapiga. Hakuanza na utani.

"Binti yangu, akaunti yangu imefagiliwa."

"Imefagiliwa vipi, Refa?"

"Imekauka. Benki wanasema vitu vimenunuliwa huko na huko, na aliyenunua alikuwa na namba zote, mpaka za nyuma ya kadi. Wanasema lazima kuna mtu nilimpa. Sasa mimi nimekaa nikafikiri. Kadi hii siitoi dukani, siitoi popote. Nawasomea nyinyi tu. Hebu niambie, huko kwenu hakuna kitu kimevuja?"

Spika alikuwa na yale maneno mbele yake. Akayasoma haraka, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaka yapite bila kuonekana.

"Unasemaje?" akauliza Refa. "Sijakupata, binti yangu. Sema na mimi kama siku zote."

Ikambidi ayarudie. Ikambidi ayatamke neno moja moja, kwa sauti kubwa, kwa ule ustadi wake wote, na chumba kizima kikamsikia. Taarifa. Zako. Ziko. Salama. Wenzake waliinamia meza zao. Kuna uongo unaosemwa kwa kunong'ona, angalau msemaji anauonea haya. Huu aliutangaza kama mpiga mbiu.

"Sawa," akasema Refa. "Kama ni wewe umesema, sawa."

Kisha sauti nyingine ikachukua simu, ya mwanamke, imechoka.

"Dada, samahani, mimi ni binti yake. Sikusumbui sana, nataka kujua jambo moja tu. Baba anaapa hajampa mtu namba zake. Benki wanasema amempa. Kama tatizo limetoka kwenu, niambie tu ukweli, nimpigie magoti nimwombe radhi, maana nimemsema vibaya sana. Na kama halijatoka kwenu, basi baba yangu hayuko sawa tena, na siwezi kumwacha akae peke yake na jiko na moto. Nielewe, dada. Nataka kujua tu."

Nimejaribu mara nyingi kumtafutia Spika udhuru hapo. Alikuwa na watoto wanaosoma, mume ambaye kazi zake zilikuwa za kubahatisha, na wakili aliyekwisha kuuliza habari za selotepu. Yote hayo ni kweli na hayanisaidii. Swali lilikuwa jepesi, na aliyeliuliza alikuwa anaomba.

"Kwa upande wetu hakuna tatizo, dada."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akavua kifaa cha simu alichokivaa kichwani, akaenda chooni, akafungua bomba maji yakatiririka bure. Aliporudi alitafuta rekodi ya simu ya Refa ya mwezi uliotangulia, akaisikiliza. Ilikuwa safi, haina hata mkwaruzo. Mzee anasema saba, yeye anauliza, "Saba?" Katikati wanacheka kitu. Halafu zile tarakimu za nyuma, na sauti yake mwenyewe inazirudia vizuri, kwa furaha.

Alikwenda kwa Mkurugenzi.

"Bosi, tuwapigie. Mmoja mmoja. Tuwaambie wafunge kadi zao, na tuwaambie kosa ni letu."

"Wakili anasema tukifungua mdomo tu, tumekwisha."

"Na wao je?"

"Benki zitawarudishia."

"Benki zinawaambia wametoa namba wenyewe! Watoto wao wanawaona wamechanganyikiwa!"

Mkurugenzi alikuwa amekonda siku hizo, na sura yake ilionyesha kwamba hapati usingizi. Alikuwa mtu wa kuonewa huruma, na hilo ndilo lililofanya iwe vigumu kumkaripia. "Nipe muda," akasema. "Nakuomba. Ripoti ikitoka nitasimama mwenyewe niseme."

Spika akampa muda. Chumba chake kilikuwa simu tupu, kila meza na simu yake, na namba ya Refa aliijua kwa kichwa. Angeweza kunyanyua yoyote. Alisubiri ripoti.

Wengine waliendelea kupiga, wakilalamika yaleyale, na wahudumu wakaendelea kuwasomea yaleyale. Mmoja wa wasichana wa chumba aliacha kazi bila kuaga. Refa hakupiga tena. Siku zake za kuagiza betri zilifika, zikapita, na Spika akajiambia huenda amepata duka la karibu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi msaada.

Hatimaye mamlaka inayosimamia taarifa za watu ikaingilia. Ripoti ikatoka, kampuni ikatozwa faini, ikaamriwa kuwafidia wateja na kuwaarifu wote, kila mmoja, kilichotokea. Mkurugenzi alisimama mbele ya wafanyakazi akasema, "Tunawajibika," sauti ikamkatika, na nadhani alimaanisha. Lakini kazi ya kuarifu ilipewa wakili. Wakili hakutaka chochote kiandikwe ambacho mtu angeweza kukishika mkononi na kukipeleka mahakamani. Kwa hiyo akaagiza ujumbe wa sauti. Mashine iwapigie wateja wote, isome tangazo mara moja, ikate.

Naomba usome tena hapo. Wateja wa mashine za masikio, wazee wenye usikivu hafifu, walipigiwa na kompyuta iliyosema haraka haraka kwa sauti laini ya msichana asiyekuwepo, kisha ikakata. Siku iliyofuata simu zikamiminika. "Kuna mtoto amenipigia anaguna guna, anataka nini?" "Jana mliniimbia wimbo gani?" Chumba kikaanza kucheka, kama watu wanaocheka msibani bila kupenda, na Spika naye akacheka, mpaka alipotambua kwamba hata sasa hakuna aliyeambiwa kitu.

Akaomba ruhusa, akatoka. Anwani ya Refa aliijua kutokana na vifurushi vya betri.

Getini alimkuta fundi rangi, ndoo miguuni. "Mzee? Amehamia kwa binti yake. Nyumba inapangishwa. Unatafuta nyumba?" Akampa maelekezo, nyuma ya shule, ghorofa ya kwanza, mlango wenye pazia la kijani.

Alibisha hodi. Mwalimu alitoka na kalamu nyekundu mkononi, mezani nyuma yake kuna madaftari ya wanafunzi. Spika alisalimia tu, hakusema zaidi, na uso wa yule mwanamke ukabadilika.

"Hiyo sauti naijua."

Spika akamwambia yote pale pale mlangoni, kwa sauti ya chini kuliko alivyowahi kuongea siku zote za kazi yake. Kitufe. Selotepu. Rekodi. Kwamba siku ile alipoulizwa, alikuwa anajua. Kwamba pesa zitarudi, kampuni imeamriwa. Mwalimu alisikiliza akiwa ameshikilia fremu ya mlango.

"Mimi nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Nikakuuliza tena kama una hakika."

"Ndiyo, dada. Nisamehe."

"Usiniite dada." Akasogea pembeni. "Ingia umwambie yeye. Mwambie yeye mwenyewe, kwa mdomo wako uleule."

Refa alikuwa sebuleni, amevaa shati lililopigwa pasi vizuri, amekonda, mikono imewekwa magotini. Redio ilikuwepo, imezimwa. Dirisha lilikuwa limefungwa na chumba kina joto. Mashine zake zilikuwa masikioni. Spika alichuchumaa mbele yake.

"Refa, shikamoo."

Uso ukamng'aa. "Marahaba! Hii si sauti ya betri hii?" Akamgeukia bintiye kwa fahari. "Huyu ndiye yule wa betri. Huyu nilikuwa namsikia bila shida."

"Refa, nimekuja kukwambia jambo. Zile namba za kadi yako ziliibwa kwetu. Kwenye kampuni. Sisi ndio tuliozembea. Wewe hukumpa mtu yeyote. Umenipata?"

"Nimekupata."

"Hukukosea kitu. Ulikuwa sahihi tangu mwanzo, na mimi nilijua, nikakudanganya."

Mzee alimtazama kwa huruma, kama vile yeye ndiye mwenye msiba. Akampigapiga begani taratibu.

"Usijibebeshe mzigo, binti yangu. Nilimpa mwenyewe. Kuna kijana alinipigia akasema ni wa betri, nikamsomea. Mwanzoni nilikuwa nimesahau. Sasa nakumbuka vizuri, hata sauti yake naikumbuka. Ni uzee tu. Hapa wananiangalia vizuri, sina shida."

Kalamu nyekundu ilianguka. Mwalimu alikuwa ameketi chini, pale pale alipokuwa amesimama, ameziba mdomo kwa mkono.

"Hakuna kijana, Baba," akasema. Mzee hakumsikia, binti akalazimika kupaaza sauti huku analia. "Hakuna kijana! Mimi ndiye niliyekuuliza kila siku mezani, ulimpa nani, jitahidi ukumbuke, ulimpa nani. Mpaka ukanitajia mtu. Nikakushukuru, Baba. Nikakwambia, umeona sasa?"

Refa alimtazama binti yake anavyolia, akamtazama mgeni aliyechuchumaa mbele yake, akarudi tena kwa binti yake. Alikuwa anatafuta kwenye nyuso zao jibu lisilomkasirisha mtu. Spika akamshika mikono yote miwili.

"Refa, sema wewe unavyojua. Ulimpa mtu namba zako, au hukumpa?"

Mzee akainama kidogo upande wa bintiye, akanong'ona, kwa ile minong'ono ya wasiosikia ambayo nyumba nzima huipata:

"Mama, nimjibu nini?"